Mashine ya Unix ya Zamani Haibuti Kutoka Kwenye Diski: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa yeyote mwenye SPARCstation, Ultra, Indy, HP 9000, AlphaStation au RS/6000 iliyokuwa inafanya kazi vizuri, ikakaa, na sasa ikiwashwa haifiki kwenye login. Mifano mingi ni ya Sun, kwa sababu ndizo zilizoenea zaidi na PROM yake (chipu yenye programu ya kuiwasha mashine) inaeleza matatizo yake vizuri kuliko nyingi. Mashine za kampuni nyingine zina sehemu yake huku chini.

Kabla ya swali la kwanza, ombi moja: usiandike chochote kwenye diski kabla hujaitolea nakala kamili. Usiendeshe fsck (programu ya kukagua mfumo wa faili) inayorekebisha, usisakinishe upya, usiweke lebo mpya ya diski (ramani ya patisheni zake) hata mashine ikikuomba. Diski nyingi zinazodhaniwa zimekufa huwa nzima kabisa. Kinachoziua ni haraka ya mwenye mashine.

Nianzie wapi?

Anza kwa kujua mashine imekwama hatua gani. Kubuti ni mlolongo. Umeme unatulia, PROM inajipima, kisha inasoma NVRAM (kumbukumbu ya mipangilio yake) ili kujua ibuti kutoka kifaa gani. Inaamsha diski, inasoma lebo iliyo kwenye sekta ya kwanza, halafu inapakia bloku ya kubuti (kwenye Sun bloku hiyo imekaa sekta ya 1 hadi ya 15 ya patisheni). Bloku hiyo inatafuta programu ya pili, ambayo ni /boot kwenye SunOS 4, ufsboot kwenye Solaris, au sash kwenye SGI. Programu ya pili inapakia kerneli, kerneli inapachika mfumo wa faili wa mzizi, na hatimaye init inaanza kazi.

Kila hatua ina ujumbe wake ikishindwa. Kwa hiyo chukua kalamu uandike neno kwa neno mstari wa mwisho unaouona. "Haiwaki" haisaidii chochote. "Can't open boot device" inasaidia sana, kwa sababu tayari inakuambia umeme ni mzima, PROM ni nzima, na tatizo liko kati ya PROM na diski.

Skrini ni nyeusi kabisa. Je, mashine imekufa?

Pengine skrini ndiyo yenye shida. Mashine nyingi za aina hii hutoa picha kwa tundu la 13W3, na kwenye baadhi yao mawimbi ya ulandanishi yamepandishwa juu ya rangi ya kijani. Skrini nyingi za kisasa haziyatambui, hata ukiwa na adapta inayoingia sawasawa.

Njia ya uhakika ni konsoli ya siriali. Kwenye Sun, chomoa kibodi kabisa kabla ya kuwasha. PROM ikikosa kibodi inahamishia mazungumzo yote kwenye tundu la siriali A. Unganisha kompyuta nyingine kwa kebo inayopishanisha waya wa kutuma na wa kupokea, weka kasi ya 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Kama PROM iko hai utaona maandishi.

Kama hata hapo kimya, pima pawa saplai kwa maltimita huku mashine ikiwa na mzigo. Laini ya volti 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25, na ya volti 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6. Pimia kwenye plagi ya diski. Usifungue pawa saplai yenyewe kama hujazoea kazi hiyo: kapasita za upande wa umeme mkubwa hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Inaandika "Timeout waiting for ARP/RARP packet" bila kukoma. Diski imeharibika?

Hapana, na huenda diski haijaguswa kabisa. Ujumbe huo maana yake mashine inajaribu kubuti kutoka kwenye mtandao. Inafanya hivyo kwa sababu imesahau mipangilio yake, na mara nyingi ni kwa ajili ya kigezo kiitwacho diag-switch?. Kikiwa true, PROM hutumia kifaa cha uchunguzi badala ya kile cha kawaida, na kifaa hicho kwa kawaida ni net.

Simamisha kwa Stop-A (kwenye kibodi za zamani ni L1-A, kwenye siriali tuma Break). Ukiona alama ya > peke yake, andika n, utapata ok. Kisha:

```
setenv diag-switch? false
setenv boot-device disk
boot disk
```

Kama imebuti, shukuru, lakini usiishie hapo. Zima mashine, ipumzishe dakika chache, washa tena. Ikiwa imesahau kila kitu, betri ya NVRAM imekwisha.

NVRAM ni nini, na nitajuaje betri yake imekufa?

Ni chipu ndogo yenye saa, kumbukumbu na betri ya lithiamu, vyote vimefungwa pamoja ndani ya plastiki. Kwenye SPARCstation za mwanzo ni M48T02, kwenye kizazi cha sun4m ni M48T08, na kwenye Ultra nyingi ni M48T59. Betri hiyo ilitengenezwa idumu takriban miaka 10. SPARCstation 1 ilitoka mwaka 1989, kwa hiyo fanya hesabu mwenyewe: chipu ya asili ambayo haijabadilishwa imekwisha muda wake zamani.

Dalili ziko wazi. Mashine inapowaka inasema IDPROM (utambulisho wa mashine ulio kwenye chipu hiyo) haifai, anwani ya Ethernet inaonekana ff:ff:ff:ff:ff:ff, tarehe imerudi nyuma miaka mingi, na mashine inakimbilia mtandao. Binafsi naamini hili ndilo tatizo la kwanza kulitafuta kwenye Sun yoyote iliyokaa stoo. Watu wanabadilisha diski, wanabadilisha kebo, wanabadilisha hata bodi kuu, na kumbe kilichokwisha ni betri isiyozidi ukubwa wa sarafu.

Nifanye nini na chipu hiyo?

Njia safi ni kuweka mpya. Angalia isiwe ile "mpya" iliyokaa kwenye boksi tangu miaka ya 1990, maana betri yake nayo imekuwa ikiishilia humo humo. Njia ya pili ni ya wenye mkono mzuri: kukwangua plastiki ya juu upande ulio na betri mpaka nyaya zake mbili zionekane, kukata muunganiko wa betri ya ndani, na kulehemu kishikio cha betri ya CR2032. Kazi hii inahitaji utulivu, kwani ukikwangua kwa pupa utafika kwenye chipu yenyewe.

Kabla ya kuichomoa, tazama mgongoni mwake. Sun walibandika kibandiko chenye msimbo wa mistari, na juu yake kuna tarakimu za mwisho za utambulisho wa mashine. Zinakili. Programu nyingi za zamani zimefungiwa leseni kwenye hostid (utambulisho huo), na ukibuni hostid mpya hazitafunguka tena.

Chipu mpya ikishakaa, lazima uiandikie utambulisho. Kwenye OpenBoot (programu iliyo ndani ya PROM ya Sun) ya toleo la 2 na kuendelea, mfano huu unaandika anwani 8:0:20:c0:ff:ee. Weka tarakimu zako za asili mahali pa c0, ff na ee:

```
set-defaults
setenv diag-switch? false
1 0 mkp
real-machine-type 1 mkp
8 2 mkp
0 3 mkp
20 4 mkp
c0 5 mkp
ff 6 mkp
ee 7 mkp
0 8 mkp
0 9 mkp
0 a mkp
0 b mkp
c0 c mkp
ff d mkp
ee e mkp
0 f 0 do i idprom@ xor loop f mkp
```

Namba zote ni za heksadesimali. Mstari wa mwisho unakokotoa jumla ya uhakiki ya baiti zilizotangulia, na kosa dogo la chapa hapo litafanya IDPROM ikataliwe tena. Andika banner uone kama anwani imekaa, kisha washa upya. 8:0:20 mwanzoni ni kundi la anwani za Sun wenyewe, liache kama lilivyo.

Nimeandika probe-scsi na diski haionekani.

Kwanza, kwenye mashine za Ultra usiiendeshe amri hiyo mara tu baada ya Stop-A, inaweza kugandisha mashine. Weka `setenv auto-boot? false`, andika `reset-all`, ndipo uulize. Ukimaliza rudisha auto-boot? iwe true.

Kama bado haionekani, sikiliza. Weka kiganja juu ya diski wakati unawasha. Diski nzima inatetemeka kidogo, mlio unapanda pole pole hadi unatulia, halafu vichwa vinagonga mara chache vikijipanga. Kama husikii kitu, nenda swali linalofuata. Kama inazunguka vizuri lakini haionekani, shida iko kwenye mnyororo wa SCSI (kebo inayounganisha diski na vifaa vingine), na hapo kuna mambo ya kukagua kwa subira.

Kila kifaa kiwe na namba yake. Kidhibiti cha Sun ni 7, cha SGI ni 0. Diski mbili zenye namba moja zinaweza kufichana, au zikaifanya diski moja ionekane mara kadhaa. Namba hupangwa kwa jampa (vifaa vidogo vya kuunganisha pini) kwenye diski za pini 50 na 68. Zile za pini 80 hupewa namba na kiunganishi cha mashine.

Kisha tamineta, yaani vifaa vya kufunga ncha za mnyororo. Lazima ziwe mbili, moja kila mwisho wa mnyororo, na katikati kusiwe na hata moja. Diski ya ndani iliyowekewa jampa ya tamineta na wakati huo huo iko katikati ya kebo italeta vituko visivyoeleweka: leo inaonekana, kesho haionekani, inasoma faili ndogo lakini inakwama kwenye kubwa. Tamineta nazo zinahitaji umeme wake, unaopita kwenye fyuzi ndogo ya bodi kuu. Fyuzi hiyo ikikatika, mnyororo mzima unayumba hata kama kila kifaa ni kizima.

Urefu wa kebo pia una mpaka. Kwa SCSI ya kawaida ya laini moja ni mita 6 kwa kasi ya MB 5 kwa sekunde, na mita 3 kwa MB 10, ukijumlisha kebo ya ndani na ya nje. Chomoa kila kitu cha nje, weka tamineta nje, ubaki na diski moja. Ikionekana, rudisha vifaa kimoja kimoja.

Onyo kwa wenye HP 9000: baadhi zina SCSI ya aina ya tofauti ya volti kubwa, na kiunganishi chake kinaweza kufanana kabisa na cha kawaida. Kuchanganya aina hizo mbili kunaweza kuunguza kifaa. Soma alama iliyo pembeni ya tundu kabla ya kuchomeka.

Diski haizunguki kabisa.

Angalia kama kuna jampa inayoiambia isubiri amri ya kuzunguka. Diski iliyotoka kwenye seva mara nyingi imepangwa hivyo. Angalia pia volti 12 zinafika, kwa sababu mota ya diski inazitegemea hizo.

Kama umeme upo, vichwa vinaweza kuwa vimenata kwenye sahani. Shika diski ikiwa imelala bapa, chomeka umeme, kisha izungushe kwa mkono haraka lakini kwa umbali mfupi, kwenye bapa lile lile la sahani, kulia na kushoto. Mara nyingi inajinasua na kuanza kuzunguka. Kuigonga kwa nyundo au bisibisi, kama wengine wanavyoshauri, kunaweza kuacha kovu lisilofutika kwenye data.

Ikijinasua, usiizime! Huenda hiyo ndiyo nafasi yako ya mwisho. Nakili kila kitu papo hapo kabla hujafanya lolote jingine.

Baadhi ya diski za Quantum za mwanzoni mwa miaka ya 1990 zina ugonjwa mwingine: mpira mdogo wa kuzuia mkono wa vichwa umeyeyuka na kuwa nta. Diski inazunguka vizuri, lakini vichwa havitoki mahali pake. Tiba yake ni kufungua diski, na hilo ni la mwenye uzoefu na mahali pasipo na vumbi.

probe-scsi inaionyesha diski, lakini boot inasema "Can't open boot device".

PROM inatafuta namba nyingine. Kwenye SPARCstation, jina disk linamaanisha diski yenye namba 3, wakati kwenye Ultra linamaanisha namba 0. Mtu akitoa diski kwenye Ultra na kuiweka kwenye SPARCstation 5 bila kulijua hili, atahangaika siku nzima. Andika devalias uone kila jina linaelekea wapi, kisha taja diski kwa namba yake, mfano `boot disk1` kwa namba 1.

Diski ikibuti baada ya kubadilishiwa namba, kuna mtego mwingine mbele. Faili /etc/vfstab ya Solaris bado inataja namba ya zamani, tuseme /dev/dsk/c0t3d0s0, na mashine itakwama katikati ya safari ikitafuta /usr. Ni rahisi zaidi kuirudishia diski namba yake ya asili kuliko kuhariri faili kwenye mfumo uliosimama nusu.

"The file just loaded does not appear to be executable."

PROM imesoma kitu kutoka kwenye diski, na kitu hicho si programu. Ama bloku ya kubuti haipo, ama imeharibika, ama umebuti kutoka patisheni isiyo ya mzizi. Jaribu kwanza kutaja patisheni, kwa mfano `boot disk:a`. Ikishindikana, buti kutoka CD ya toleo lile lile la Solaris kwa `boot cdrom -s`, na baada ya kunakili diski andika upya bloku:

```
installboot /usr/platform/`uname -i`/lib/fs/ufs/bootblk /dev/rdsk/c0t3d0s0
```

SunOS 4 ina installboot yake yenye mpangilio tofauti. Humo bloku ya kubuti imehifadhi anwani za mahali /boot ilipolala kwenye diski, hivyo ukiinakili upya faili ya /boot, hata kama yaliyomo ni yale yale, lazima installboot iendeshwe tena.

Ukiona "Bad magic number in disk label", lebo yenyewe haisomeki. Hapa ndipo ombi la mwanzo lina uzito wake wote. Programu ya format itakuuliza kama uweke lebo mpya. Kataa mpaka uwe na nakala, kwa sababu lebo mpya yenye patisheni tofauti inafuta ramani ya mahali kila mfumo wa faili ulipoanzia.

Asubuhi haibuti, nikiandika boot mara ya pili inakubali.

Diski inachelewa kufikia kasi yake na PROM inachoka kusubiri. Diski nzito za miaka hiyo zikiwa baridi hufanya hivyo, na zikizeeka zinazidi. Unaweza kuishi nalo kwa muda kwa kuweka auto-boot? iwe false na kuandika boot mwenyewe diski ikishatulia. Lakini lichukulie kama taarifa ya mapema: beringi zinachoka. Inakili wiki hii.

Kerneli inaanza, halafu "Cannot mount root" au inakwama katikati.

Furahi kidogo, umeshavuka sehemu ya umeme na SCSI. Sasa shida ni ya programu. Kama mtu alihariri /etc/system karibuni, andika `boot -a`, na ikikuuliza jina la faili ya system jibu /dev/null. Kerneli itaipuuza faili yenye kosa. Kama ulibadilisha vifaa, jaribu `boot -r` ili mti wa vifaa ujengwe upya.

Vinginevyo buti kutoka CD kwa hali ya mtumiaji mmoja, na kagua mfumo wa faili bila kuandika:

```
fsck -n /dev/rdsk/c0t3d0s0
```

Herufi n inajibu hapana kwa kila swali, hivyo unaona ukubwa wa uharibifu bila kuugusa. Ikilalamika kuhusu supabloku (rekodi kuu ya mfumo wa faili), UFS, ambao ndio mfumo wa faili wa Sun, huweka nakala zake sehemu nyingi, na ya kwanza kwa kawaida iko 32: `fsck -o b=32`. Kuzijua nyingine, `newfs -N` huzitaja bila kuunda chochote. Hakikisha umeandika hiyo N kubwa. Bila N, newfs inafuta mfumo wa faili wote.

Nakala kamili naitoaje?

Toa diski, iunganishe kwenye kompyuta ya Linux yenye kadi ya SCSI, na utumie ddrescue, kwanza kwa raundi ya haraka inayoruka sehemu mbovu, kisha kwa raundi ya kuzirudia:

```
ddrescue -d -n /dev/sdX sun.img sun.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdX sun.img sun.map
```

Weka herufi halisi ya diski mahali pa X, na uikague mara mbili. Faili ya map ndiyo inayokumbuka kilichosomwa, kwa hiyo unaweza kuzima diski ikipata joto na kuendelea baadaye. Usisahau kuelekeza feni kwenye diski. Diski ya zamani iliyo wazi mezani huchemka haraka.

Kama huna kadi ya SCSI, buti mashine kutoka CD na usome kipande cha 2, ambacho kwenye Sun ni diski nzima, kwa dd yenye `conv=noerror,sync`, ukipeleka data kwenye kompyuta nyingine kupitia mtandao. Ni polepole, lakini inafanya kazi.

Nakala ikishakamilika, Linux inaweza kuipachika patisheni ya UFS ya Sun kwa kusoma tu, kwa chaguo `-t ufs -o ro,ufstype=sun`. Faili za watu, barua zao, msimbo wa miradi iliyosahaulika: vyote vinaweza kutolewa hata kama mashine yenyewe haitabuti tena.

CD ni nzima lakini mashine haiitambui.

Sun na mashine nyingine za enzi hizo zinataka CD-ROM inayosoma sekta za baiti 512. CD-ROM za kawaida hutoa 2048. Tafuta kifaa cha SCSI chenye jampa ya kubadilisha hilo, na kwenye Sun kipe namba 6, kwa sababu jina cdrom linaelekea huko. Kama diski ya CD umechoma mwenyewe, ichome kwa kasi ndogo; lenzi za zamani husoma kwa shida CD zilizochomwa nyumbani.

Sina CD-ROM kabisa.

Buti kwa mtandao. Unahitaji kompyuta moja inayojibu RARP, kutoa faili kwa TFTP, na kushirikisha mfumo wa faili kwa NFS na bootparams. Jina la faili ya TFTP ndilo huwakwamisha wengi: ni anwani ya IP kwa heksadesimali. Mashine ya 192.168.1.10 inatafuta C0A8010A, na nyingine huongeza aina ya usanifu mwishoni, kama C0A8010A.SUN4M. Tazama logi ya TFTP, itakuonyesha jina hasa lililoombwa.

Mashine yangu si Sun.

Kwenye SGI, bonyeza Esc au chagua Stop for Maintenance, kisha ingia Command Monitor. hinv inaorodhesha vifaa, printenv inaonyesha mipangilio. Diski ya mfumo kwa kawaida ni namba 1, na mipangilio inayohitajika ni hii:

```
setenv SystemPartition scsi(0)disk(1)rdisk(0)partition(8)
setenv OSLoadPartition scsi(0)disk(1)rdisk(0)partition(0)
setenv OSLoader sash
setenv OSLoadFilename /unix
```

Kama bado inasema imeshindwa kubuti, andika `ls dksc(0,1,8)` uone kama sash ipo kwenye kichwa cha diski.

Kwenye HP 9000 shikilia Esc wakati wa kuwaka, tumia search kutafuta diski, kisha boot ukikubali kuongea na ISL (programu yake ya kupakia mfumo), na hapo `hpux -is` inakupa hali ya mtumiaji mmoja. Kwenye Alpha, alama ya >>> ni ya SRM, programu ya kuwashia mashine za Alpha: `show device`, `show bootdef_dev`, halafu `boot dka0`. Ukikuta AlphaBIOS badala yake, ile ilikuwa ya Windows NT. Digital Unix inataka SRM, kwa hiyo irudishe kwanza.

RS/6000 inaongea kwa tarakimu za taa. 200 inamaanisha ufunguo wa mbele uko Secure, na kuugeuza Normal kunatosha. 552, 554 na 556 zinaelekea kwenye mfumo wa faili au logi yake iliyoharibika: geuza ufunguo Service, buti kutoka CD au tepu, endesha fsck, kisha `bosboot -ad /dev/hdisk0` na `bootlist -m normal hdisk0`.

Imebuti, lakini sijui nywila ya root.

Buti kutoka CD kwa hali ya mtumiaji mmoja, pachika patisheni ya mzizi kwenye /a, na ufute nywila iliyosimbwa ya root ndani ya /a/etc/shadow (kwenye SunOS 4 ni /a/etc/passwd). Ukiwasha kawaida, weka nywila mpya mara moja. Nakili kwanza faili ya asili.

Naweza kuweka kifaa cha kisasa badala ya diski ya kuzunguka?

Ndiyo, na kwa mashine unayotaka iendelee kutumika nakushauri ufanye hivyo. Bodi kama SCSI2SD, BlueSCSI na ZuluSCSI hujifanya diski ya SCSI huku data ikiwa kwenye kadi ya SD. Weka ile nakala ya ddrescue kama ilivyo, ipe namba ile ile ya diski ya zamani, na mara nyingi mashine haitajua tofauti. Kumbuka tamineta: bodi ikiwa mwisho wa kebo, washa tamineta yake.

Kwa usakinishaji mpya, zingatia mipaka ya PROM. Zile za mwanzo hutumia amri ya kusoma yenye anwani ya biti 21, na biti 21 za sekta za baiti 512 zinaishia GB 1. Patisheni ya mzizi yote iwe ndani ya GB 1 ya kwanza, la sivyo mashine itabuti leo na kukataa siku kerneli mpya itakapoandikwa mbali zaidi ya hapo. Kwa SunOS 4, patisheni yoyote isizidi GB 2.

Diski ya asili ihifadhi kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, ukiandika juu yake namba ya SCSI, aina ya mashine, hostid na tarehe uliyoinakili.